Dang'a ya Gaju

Kila asubuhi Kasilda alikata majani ya ng'ombe wake kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba. Nyumba yao ilikuwa Bugendana, nchini Burundi, si mbali na Mutoyi. Huko shamba la mtu huanza pale pale la jirani linapoishia. Akiinama kukata majani, Kasilda aliona maharage yake. Akiinuka kunyoosha mgongo, aliona banda la ng'ombe la jirani yake Lucia. Na siku hizi alikuwa anainuka mara nyingi kuliko mgongo wake ulivyohitaji.

Ndani ya banda lile alisimama mtamba mwekundu, mnene, ngozi inang'aa, tumbo limejaa mimba. Jina lake lilikuwa Gaju. Kasilda ndiye aliyempa jina hilo. Gaju alizaliwa nyumbani kwa Kasilda, na sasa alikuwa mali ya Lucia.

Hakuibiwa, wala hakuuzwa. Miaka kadhaa nyuma, shirika moja la maendeleo lilileta ng'ombe kwenye kilima chao. Kasilda na mumewe Audax walipewa ng'ombe mmoja, wakamwita Bihogo. Sharti lilikuwa moja. Bihogo akizaa mtamba wa kwanza, watamlea mpaka aache kunyonya, kisha watampa jirani asiye na ng'ombe. Jirani naye atafanya vivyo hivyo, mpaka kilima kizima kipate maziwa na samadi. Watu wote walipiga makofi. Kasilda naye alipiga makofi. Ni rahisi kupiga makofi kabla ndama hajazaliwa.

Basi Gaju akazaliwa, na akawa mtundu. Alirusha miguu ya nyuma bila sababu. Alikimbia kuzunguka nyumba, akasimama ghafla, akashangaa kana kwamba nyumba ndiyo iliyomkimbiza. Alivuta khanga kwenye kamba akaitafuna. Kasilda alimpigia kelele, kisha akampa chumvi alambe kiganjani. Moyo wake wote ulikuwa kwa ndama yule.

Siku ya kumtoa ilipofika, watu walikusanyika, picha zikapigwa. Kasilda alitabasamu akamkabidhi Lucia kamba. Halafu alikwenda nyuma ya migomba akalia.

"Usilie," Audax alimwambia. "Bihogo atazaa mwingine. Ule atakuwa wetu kabisa."

Bihogo alizaa mwingine kweli. Akafa kabla ya wiki kuisha. Mwaka uliofuata akazaa tena. Naye akaharisha, akalala, akafa. Na Bihogo, kama ng'ombe wengi wa kienyeji, hakubali kukamwa bila ndama wake kusimama karibu. Ndama akifa, na maziwa yanakwisha. Watoto wa Kasilda wakawa wanakunywa chai kavu katika nyumba yenye ng'ombe.

Wakati huo wote Gaju alikuwa ananenepa kwa Lucia.

Hapo ndipo wivu ulipoingia. Haukuingia kwa kishindo. Kwanza Kasilda alijiuliza, "Kwa nini wake anakua na wangu wanakufa?" Baadaye hakujiuliza tena, alikuwa na jibu. Alipompa Lucia ile kamba, alimpa na bahati yake. Mama mkwe wake, Bibi Anisia, naye alisaidia kupalilia.

"Kuna watu macho yao iko mazito," Bibi Anisia alisema. "Wakiangalia ndama, ndama anakufa." Hakutaja jina. Alielekeza kidevu tu upande wa kwa Lucia.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wanawake hawa wawili walikuwa marafiki. Kasilda alizaliwa Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero, akakua anasikia Kiswahili cha madereva na wachuuzi. Lucia alikulia Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, akarudi mkubwa. Hakuwa na shangazi wala mjomba kilimani. Mumewe, naye bila ndugu hapo, alikuwa fundi mwashi, na mara nyingi alikuwa mbali kikazi. Kasilda ndiye aliyemfundisha wapi pa kuchota maji na nani wa kuamkia kwanza. Walizoea kukaa pamoja wakichambua maharage na kucheka kwa Kiswahili. Sasa walisalimiana tu kwa mbali, kila mmoja na jembe lake.

Asubuhi moja Kasilda alisikia watoto wa Lucia wanacheka. Aliinuka. Alimwona Gaju anamlamba kiumbe kidogo, chekundu, chenye miguu mirefu isiyojua kazi yake.

Gaju alikuwa amezaa.

Kasilda alisimama na mundu mkononi. Desturi ilimtaka aende kumpongeza jirani. Moyo wake ulimtaka arudi nyumbani alale. Aliifuata desturi, kwa sababu desturi ilikuwa na chakula. Kwenye ukoo wa Audax, na kwa majirani wengi, ng'ombe akizaa watu huitwa kula dang'a. Dang'a ni yale maziwa ya kwanza kabisa, mazito, ya manjano. Huwekwa jikoni mpaka yagande, wageni wakala kwa vijiko na kumwombea ndama baraka.

"Karibu, dada Kasilda," Lucia alisema. Uso wake ulikuwa umechoka na umejaa furaha. "Njoo umwone mjukuu wako."

Kasilda alimwona. Ndama alikuwa amepata chuchu. Alinyonya kwa nguvu, mkia unatikisika. Kila alipopiga kiwele kwa kichwa, alipepesuka mwenyewe, karibu aanguke, akarudi kunyonya.

"Iko dume?" Kasilda aliuliza. Alikuwa anaomba iwe dume.

"Jike."

"Ah," Kasilda alisema. "Umepata jike. Uzazi wa kwanza tu, na jike." Alijaribu kuyasema maneno hayo kwa furaha, lakini yalitoka yamekauka.

Lucia alimkaribisha kwenye kigoda, akamletea chai. Ilikuwa chai kavu. Kasilda alitazama huku na huku akitafuta chungu. Hakikuwepo. Lakini pembeni, kivulini, ndani ya karai la maji baridi, aliona jagi limefunikwa kitambaa safi. Dang'a ilionekana pembeni mwa kitambaa, manjano kabisa.

"Na ile?" Kasilda aliuliza.

"Hiyo ni ya ndama," Lucia alijibu. "Ameshanyonya mara mbili, ameshiba. Kiwele kilikuwa bado kimejaa, nikakama kidogo. Nitamwongezea baadaye."

"Yote ni ya ndama? Hata ya kuonja haiko?"

"Leo hapana, dada. Nisamehe. Nilivyofundishwa, dang'a ni yake peke yake. Njoo wiki ijayo, nitakupa maziwa ujaze chombo."

Kasilda aliweka kikombe chini bila kukimaliza. Alisema ana kazi nyumbani. Njiani alikutana na mwanamke mmoja akamwambia, "Gaju amezaa, Lucia amefunika dang'a na kitambaa." Akakutana na mwingine, akamwambia hivyo hivyo na kuongeza chumvi. Alipofika kwake, nusu ya kilima ilikuwa inajua kwamba Lucia ni mchoyo. Wivu unapenda sana kupata sababu, na Kasilda alikuwa amepata yake.

Nyumbani alimkuta Bihogo anahangaika bandani, analala na kuinuka. Mimba yake nayo ilikuwa imefika. Kabla jua halijafika utosini, Bihogo akazaa bila shida. Alikuwa ndama jike, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Kasilda alipiga magoti kwenye majani. Alimtazama mpaka machozi yakamtoka.

"Huyu ni wetu," alimwambia Audax. "Huyu hatoki hapa."

"Ni wetu kabisa," Audax alisema.

"Basi hakuna mtu atamwona. Mi sitaki jicho la mtu."

Walimbeba ndama, bado amelowa, wakamwingiza stoo, kati ya magunia ya maharage na majembe. Hapakuwa na dirisha. Sakafu ilikuwa ya udongo, na upande mmoja ilikuwa na unyevu wa mvua ya juzi. Kasilda akafunga mlango. Bihogo alilia bandani akimtafuta mwanawe.

"Atanyonya saa ngapi?" Audax aliuliza.

"Baadaye," alisema Bibi Anisia. "Dang'a ya siku ya kwanza iko nzito sana kwa ndama. Inamwumiza tumbo. Kwanza wageni."

Siku nyingine Kasilda angekama kiasi, akabakiza. Siku ile alikama mpaka tone la mwisho. Alitaka chungu kijae. Alitaka sherehe ambayo sauti yake ingevuka migomba na kufika kwa mtu fulani. Aliwaita shemeji zake, wake zao, watoto wao, hata majirani wa ng'ambo ya kijito. Wote walikuja. Bibi Anisia aliweka dang'a motoni ikaganda vizuri. Watu walikula, wakacheka, wakapiga makofi na kuimba.

"Hapa kuna watu," Kasilda alisema kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyohitajika. "Hapa hatufuniki na kitambaa."

Alasiri pikipiki ilipanda mpaka kwa Lucia. Alikuwa Nadia, veterineri, yaani daktari wa mifugo. Nadia alikuwa mtoto wa familia ya Kiislamu ya mjini Gitega, watu wa cherehani na vitambaa, lakini yeye alipenda ng'ombe. Alizunguka vilima na sanduku lake, hijabu imefungwa vizuri chini ya kofia ya pikipiki. Alimpaka ndama wa Lucia dawa kitovuni. Kisha akasikia nyimbo.

"Wapi wanaimba?"

"Kwa dada Kasilda. Bihogo naye amezaa," Lucia alisema. "Nenda umwone, Nadia. Mimi siwezi kwenda. Lakini ndama wake wawili walikufa. Nenda, tafadhali."

Kasilda alipomwona Nadia anaingia uani, alisimama mbele ya mlango wa stoo.

"Karibu, veterineri. Kula kwanza," alisema.

"Asante, dada. Kwanza nione ndama. Ndama iko wapi?"

"Amelala."

"Mi nitamwona vile amelala."

"Huyu haonwi na watu. Nisamehe. Wawili wamekufa kwa jicho."

Nadia alifungua sanduku, akatoa kichupa kidogo cha dawa ya kitovu. "Dada, mi sina jicho. Niko na ayodini."

Shemeji mmoja alicheka. Audax hakucheka. Alikuja akamsogeza mkewe taratibu, akafungua mlango.

Ndama alikuwa amelala upande wenye unyevu. Hakuinua kichwa. Nadia alipiga magoti, akamshika masikio, kisha akatia kidole mdomoni mwake.

"Masikio ni baridi. Mdomo ni baridi. Amenyonya?"

Audax alimgeukia mkewe.

"Dada Kasilda, huyu mtoto amenyonya?"

"Bado," Kasilda alisema.

"Dang'a iko wapi?"

Kasilda alitazama uani. Watu walikuwa wamekaa na vijiko mikononi. Mmoja aliondoa kijiko mdomoni polepole.

Nadia hakumgombeza mtu. Alitoka nje, akakaa kwenye mkeka karibu na Bibi Anisia, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia.

"Mtoto wa binadamu anapata kinga kidogo ya mama yake angali tumboni. Ndama hapati. Anazaliwa mtupu, hana cha kumkinga na ugonjwa. Kinga yake yote iko ndani ya dang'a. Ni kama chanjo yake ya kwanza. Na tumbo lake linapokea kinga ile kwa muda mfupi tu, saa za kwanza. Kesho mlango umefungwa. Hata ukimpa dang'a ya debe zima kesho, itakuwa chakula tu, haitakuwa kinga."

"Sisi tumekula dang'a tangu zamani," Bibi Anisia alisema. "Na ndama walikua."

"Ni kweli, bibi. Zamani mlikuwa na ng'ombe wangapi?"

"Ee, zamani. Baba mkwe wangu alikuwa na zizi limejaa."

"Basi wakizaa, mlikama kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule. Kila ndama alibaki na yake. Leo ng'ombe ni mmoja, na wageni ni wale wale."

Bibi Anisia alitazama uani, kana kwamba anawahesabu jamaa zake kwa mara ya kwanza.

Lakini Kasilda hakuwa tayari. Swali lililomla miaka yote lilimtoka mbele ya watu.

"Veterineri, sasa mbona wa Lucia haifi? Gaju alitoka hapa hapa. Mama ni Bihogo, baba ni dume lile lile. Kwa nini kwake tu?"

"Leo asubuhi, nani alikunywa dang'a ya Gaju?"

"Hakuna mtu. Alinyima watu wote. Hata mi, jirani yake, hakunipa hata..."

Kasilda aligeuka kuutazama mlango wa stoo.

"Angemwita nani?" Audax alisema taratibu. "Lucia hana ndugu hapa. Hana shemeji, hana mama mkwe. Dang'a yote ilibaki kwa ndama."

"Na Gaju?" Kasilda alishika neno la mwisho aliloweza kulishika. "Gaju alizaliwa hapa. Hakufa."

Audax alifikiri. "Gaju alizaliwa wiki ile tuliyomzika baba. Tulikuwa na msiba. Hatukufanya sherehe. Hakuna aliyekumbuka hata kumkama Bihogo."

Kasilda alijisikia vibaya kuliko siku aliyolia nyuma ya migomba. Miaka yote amekuwa akimwonea Lucia wivu kwa bahati aliyomchukulia. Kumbe hakuna bahati iliyokwenda na kamba. Alichokuwa nacho Lucia ni upweke, na wale ndama wawili walikufa kwa sababu ya sherehe zake mwenyewe.

"Sasa tufanye nini?" Audax aliuliza. "Iko dang'a kwenye chungu imebaki."

"Hiyo imepikwa. Moto umeua kinga yote. Bihogo ana kitu kiweleni?"

"Nimemaliza," Kasilda alisema. "Nimekama mpaka mwisho."

"Basi tunahitaji dang'a ya ng'ombe mwingine aliyezaa leo. Saa hizi, si jioni."

Kila mtu uani alimjua ng'ombe huyo. Kila mtu alitazama chini. Audax alichukua kofia yake.

"Kaa," Kasilda alimwambia. "Mi nitaenda."

Njia ya kwenda kwa Lucia ilikuwa fupi, lakini siku ile Kasilda aliona ni ndefu. Aliwakuta Lucia na ndama wake kwenye kivuli cha banda. Ndama alikuwa amekauka, manyoya yamesimama. Aliruka mara moja, akaanguka, akainuka kujaribu tena. Kasilda aliona wivu tena, hata saa ile. Uliuma kama kawaida. Alitembea nao mpaka mbele ya Lucia.

"Ndama wangu anakufa," alisema. "Hajanyonya. Dang'a yake tumeila. Naomba ile ya kwenye jagi."

Lucia hakusimama. "Watu wamepita hapa wakaniambia mimi ni mchoyo."

"Ni mi nilisema."

"Najua ni wewe. Nilijua hata kabla hawajamaliza."

"Nilikuwa na wivu, Lucia. Tangu siku ile ya kamba. Gaju akinenepa, mi nilikonda. Nilisema macho yako ndiyo yameua ndama zangu."

Lucia alimtazama ndama wake, akatazama jagi.

"Hii nilimwekea wangu," alisema. "Unajua mimi sina kitu kingine. Yeye na mama yake tu." Kisha akasimama, akalitoa jagi kwenye maji, akalifuta kwa upindo wa kitenge. "Ameshashiba, na Gaju atatoa nyingine jioni. Chukua. Lakini nenda nayo peke yako. Mimi sitakuja. Akifa nikiwa pale, mtasema nimemwangalia."

Kasilda alipokea jagi kwa mikono miwili. Hakuondoka.

"Twende wote," alisema. "Nakuomba. Uje umwangalie kwa macho yote mawili, mbele ya watu."

Walikwenda pamoja. Lucia alipoingia uani, shemeji zake Kasilda walimpisha, na Bibi Anisia mwenyewe akasogea kwenye mkeka akampa nafasi.

Nadia alikuwa amekwisha kumtoa ndama stoo. Alikuwa amelazwa mahali pakavu, penye hewa na mwanga, juu ya majani makavu mengi. Audax alikuwa anamsugua kwa gunia safi ili apate joto.

"Usiweke jagi juu ya moto," Nadia alisema. "Liweke ndani ya maji ya moto mpaka dang'a iwe na joto la mwili. Sasa nawa mikono kwa sabuni. Mimina kwenye bakuli. Tia vidole viwili mdomoni mwake. Akianza kuvinyonya, shusha mkono taratibu mpaka ndani ya bakuli. Usimsukume kichwa. Usimmwagie mdomoni kwa nguvu, itaingia kwenye mapafu."

Kasilda alitia vidole. Mdomo wa ndama ulikuwa baridi na mlegevu. Hakunyonya. Kasilda alisubiri. Akampaka dang'a kwenye ulimi. Alisubiri tena. Ndipo akahisi ulimi unajikunja kidogo kuzunguka kidole chake, ukaachia, ukashika tena.

"Ananyonya," alisema kwa sauti ndogo.

Lucia alipiga magoti upande wa pili akashika bakuli. Dang'a ilipungua polepole, kisha haraka. Nadia alikata kipande kilichoning'inia kitovuni kwa mkasi safi, akakichovya kitovu chote kwenye ayodini.

"Kitovu ni mlango," alisema. "Usipoufunga kwa dawa, uchafu unaingia. Magoti yanavimba, ndama hawezi kusimama. Na stoo bila hewa inaleta kikohozi. Jicho la mtu halimfanyi kitu. Unyevu unamwua."

Jua lilipoanza kuteremka, ndama aliinua matako, akabaki amepiga magoti ya mbele, akafikiri. Kisha akasimama. Walimpeleka kwa Bihogo. Bihogo alimnusa, akamlamba kwa nguvu karibu amwangushe. Bibi Anisia alikusanya vijiko vyote akaenda kuviosha.

Haikuwa imekwisha. Siku zilizofuata ndama aliharisha kidogo, na Nadia akarudi na dawa na maji ya chumvi na sukari. Kasilda alibadilisha majani ya kulalia kila siku. Aliangalia kitovu kila asubuhi. Ndama akapona. Bihogo akakubali kukamwa, mwanawe amesimama pembeni. Kasilda alikama nusu, nusu akamwachia ndama. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, chai ya watoto wake ilikuwa na maziwa.

Sherehe haikufa. Bibi Anisia aliihamisha tu. Sasa alisema wageni wataitwa maziwa yakishakuwa meupe, ndama akishazoea kukimbia. Aliwaambia watu hivyo kwa ukali, kana kwamba ndivyo alivyosema tangu zamani.

Na ndama wale walikimbia kweli. Wa Lucia na wa Kasilda walikutana kwenye njia ya kati ya migomba, wakasukumana vichwa, wakarusha miguu, wakaangusha ndoo za watu. Watoto wa nyumba zote mbili waliwafuata wakicheka. Wakinamama walikaa wakichambua maharage. Wa Lucia alikuwa na mbio zaidi. Kasilda aliliona hilo, na halikumpendeza.

"Wangu anakula zaidi," alisema.

"Wako ana tumbo," Lucia alisema. "Wangu ana miguu."

Kisha siku ikafika. Gaju alikuwa amezaa mtamba wa kwanza, na sharti ni lile lile. Ndama wa Lucia alipaswa kwenda kwa Emiliana, mke wa Matata, nyumba ya tatu kuteremka kilima. Watu walikusanyika, picha zikapigwa, makofi yakapigwa. Lucia alitabasamu akatoa kamba.

Kasilda alilijua tabasamu lile. Alijua linavyouma mashavuni. Alisogea akasimama bega kwa bega na Lucia, akamshika mkono.

"Utalia," alimwambia kwa sauti ya chini. "Kuna migomba nyuma ya kwangu. Tutaenda pamoja."

Kabla ya kwenda, alimfuata Emiliana njiani. Emiliana alikuwa na furaha tele. Alikuwa na mashemeji wengi, na wote walikuwa wamekuja.

"Emiliana," Kasilda alisema, "huyu akizaa, dang'a ni ya ndama. Usimpe mtu hata kijiko. Na mtu akikuita mchoyo, mwambie aje aniulize mimi ndama zangu wawili walikwenda wapi."

Kisha akarudi kumchukua Lucia, wakaenda nyuma ya migomba.